Shahidi wa Kichwani Kwako

Baba,

Tangu tukuzike, hapa Mahurunga watu hunong'onezana nikipita. Chanzo ni shahidi wa kichwani kwako, lile jiwe la mviringo ulilolichimbua kwenye mikorosho ukaliweka mlangoni ukisema ni kiti cha kuku. Mama ndiye aliyetaka liwekwe kaburini, liwe alama upande wa kichwa. Mvua ikaliangusha. Baba Mdogo alipoliinua, ndani kikasikika kitu: kocho, kocho.

Shangazi akauliza, "Jiwe gani lina kitu tumboni?"

Basi. Toka siku hiyo wanasema Mama alitia dawa humo, ndiyo iliyokuua. Ametoka ng'ambo ya Ruvuma, wanasema, na watu wa huko wanajua mambo. Eda ikiisha avushwe mto pale Kilambo, arudi kwao. Kwao kuna vita, Baba! Mama hajibu ila neno moja: "Ningejua kutia kitu ndani ya jiwe, ningetia mchele tukala."

Nililigeuza jiwe lile kila upande. Nilitafuta tundu, ufa, hata udongo wa kuzibia. Hakuna. Mwalimu wetu alitueleza kuwa jiwe laweza kuwa na uwazi ndani. Maji yenye madini yaliyoyeyuka hupenya humo polepole, kama jasho linavyopita kwenye nguo. Madini huganda kwenye kuta, chembe juu ya chembe, hadi yanakuwa fuwele zenye pembe. Ni kama chumvi inavyobaki Mama akichemsha maji ya bahari, ila hili huchukua miaka ambayo hakuna mtu angeishi kuiona. Fuwele moja ikivunjika, hiyo ndiyo inayogonga. Nilimweleza Baba Mdogo, kwa hii sauti yangu ndogo, ambayo kila mara ilikufanya uniambie nirudie nilichosema.

Akaniuliza, "Nani kakutuma?"

Jana akalipasua kwa nyundo mbele ya watu. Ndani mlimetameta, fuwele nyeupe tupu, kama mdomo uliojaa meno. Nikadhani yamekwisha. Baba Mdogo akaokota kile kipande kilichokuwa kikigonga, akakitia mfukoni mwa kanzu. "Kumbe almasi," akasema. "Ndiyo maana mwanamke huyu alikuja kuificha kaburini."

Asubuhi dawa, mchana almasi! Jioni nikamwona kwenye mikorosho yako, anatembea mpakani taratibu, anagusa mti mmoja mmoja kama anayehesabu mali yake. Aliponiona akasema anatafuta mbuzi. Baba, yeye hana mbuzi.

Kesho wazee wanakaa kumjadili Mama. Yeye yumo edani, hawezi kutoka kwenda kujitetea. Wanaume watupu watakuwa pale, na mimi nikiitwa kusoma tu darasani hujificha nyuma ya kitabu.

Nitakwenda. Nitaeleza habari ya jiwe, halafu nitauliza mbele yao ni mbuzi gani aliyekuwa akitafutwa kwenye mikorosho yako.

Pumzika, Baba. Mungu akulaze pema. Mama havuki Kilambo, nami nina mdomo.

Mwanao,
Somoe