Kijiko Kwenye Sufuria ya Maharage

Kaka Deo,

Nimemdanganya Mama, na uongo wenyewe nimeuchota kwako.

Ulipofariki Januari, ofisi ya makaburi ya Spånga, huku ughaibuni, ilinipa karatasi ya kutia sahihi ili uzikwe. Nikaiweka kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Wiki tatu, Kaka. Kila nikishika kalamu, mkono unakataa. Na Mama huko Bukoba anashinda parokiani akisubiri simu yangu, nikipiga anauliza lile lile: "Mmemzika?" Nikasema, "Ardhi ya huku imeganda mpaka chini, Mama. Haichimbiki."

Ungenigombeza. Kazi yako ilikuwa ardhi iliyoganda kweli, kila kiangazi unapanda treni kwenda kaskazini kabisa kupima vimiti visivyofika goti, unarudi kwako Rinkeby uso umevimba kwa mbu.

Nakumbuka siku nilipokuuliza kwa nini huko kaskazini, kwenye tundra, miti haikui. Ulitoa sufuria yangu ya maharage kwenye friza, ukaiweka mezani, ukasema tusubiri. Nilikuwa na njaa, nikanuna. Baadaye ukanipa kijiko. Kikaingia kina cha vidole viwili, kikagonga barafu. "Hapo ndipo mizizi inapoishia," ukasema. "Juu panayeyuka kidogo, chini hapayeyuki. Maji hayana pa kwenda, yanatuama. Kiangazi kifupi, mti haujajipanga baridi imerudi, na upepo nao haupumziki. Usidhani mti unaogopa baridi, Koku. Unakosa pa kushika, na unakosa muda." Halafu ukaongeza kwamba hayo ni ya huko juu, kwangu Hagsätra baridi inagandisha ngozi ya ardhi tu, naweza kulima viazi.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua wakati namwambia Mama.

Tulikuzika Machi, na mashine ilichimba bila taabu. Mama nikamwambia tu kwamba umezikwa. Juzi imefika barua ya Mama. Anauliza: kama ardhi ya huko imeganda mpaka chini, mti wa kichwani kwa Deo utashika wapi? Unajua ukoo wetu, kaburi lisilo na mti ni la mtu asiye na ndugu. Anasema hapati usingizi, anakuona umelala kwenye barafu. Mama yetu, na uzee ule, hapati usingizi kwa sababu ya mdomo wangu.

Jumapili nilikuja kaburini kwako na kijiko kile kile kwenye mkoba. Bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia maua alinitazama sana, nikamwacha atazame. Nilipiga magoti nikakichomeka. Kikazama chote, hadi vidole vyangu vikagusa udongo. Nililia pale, na sikuwa nakulilia wewe peke yako.

Mtunza makaburi ameniruhusu kupanda mti mdogo, ule wa gome jeupe uliokuwa ukiusifu. Jumamosi nauleta. Lakini kwanza namwandikia Mama, leo hii, kabla sijapata ujanja mwingine. Ningeweza kumwambia kwamba ardhi sasa imeyeyuka, naye angefurahi, yakaisha. Sitasema hivyo, nakuahidi. Nitamwambia ilichimbika tangu siku ya kwanza, na aliyekuwa ameganda ni mimi.

Lala, Kaka. Pa kushika papo.

Mdogo wako,
Koku