Kichwa Alichokibadilisha Bosi

Alhamisi, Umbilo

Hasira bado hazijashuka. Nimeosha vyombo vilevile mara mbili.

Makala yangu ilihusu vibali vya wakimbizi, habari inayozungumzwa kila mahali wiki hii. Niliiandika kwa Kiswahili ili Watanzania na Wakongo wa hapa Durban waelewe: vibali vya sasa bado ni halali, msikimbie, mwenye shaka aje ofisini tumsaidie. Bosi, wakili mwenye ofisi, akasema maandishi matulivu hayaleti wateja. Akaweka kichwa chake mwenyewe: "Kibali Chako Kimekufa." Jina langu akaliacha palepale chini. Nami nikanyamaza, nikijua ni uongo. Ikasambaa kwenye magrupu yetu yote.

Leo watu wamejaa ofisini hadi kwenye ngazi. Bosi anachekelea. "Unaona? Sharp, mambo safi!"

Naona, ndiyo. Nimemwona Mama Nadège, Mkongo anayesuka nywele Umbilo Road, amekaa na begi moja miguuni. Kazi ya saluni ameacha. Masufuria ameshayagawa kwa majirani. Nikamwonyesha aya ya pili, kwamba kibali chake hakina tatizo lolote. Hakuwahi kuifikia. Alisoma kichwa tu, akaanza kufunga mizigo.

Nikamuuliza, kwa ukali ambao hakustahili, "Kwa nini hukunipigia kwanza, mama?"

"Nikupigie juu ya nini, dada? Jina yako iko pale chini. Nikasema, kama ni yeye ameandika, basi ni kweli."