Beseni Chini ya Kitanda cha Mama

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.
Asubuhi mawingu na manyunyu, baadaye jua la uvivu.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa baridi ya huko mgodini kimepona? Unakula? Sisi tunaendelea. Macho yamevimba, lakini miili ni mizima, tunamshukuru Mungu.

Mazishi yalikwenda vizuri. Wateja wa Mama wa tangu zamani walikuja, wengi wamevaa nguo alizowashonea yeye. Nilisimama pale nikitazama mapindo tu, nikiujua kila mshono wake. Usijilaumu kwa kukosa kufika. Ruhusa haiko mkononi mwako, na maiti haingoji.

Kwenye simu uliniuliza swali nikashindwa kulijibu kwa kilio: je, Mama ameondoka akiamini umemsahau? Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka siku ulipomweleza kazi yako ya utafiti huko mgodini. Ulisema nyutrino ni chembe ndogo mno, zinatoka juani kwa mabilioni, zinapenya ukuta, zinatupenya sisi, zinaipenya hata dunia nzima zikatokea upande wa pili, na karibu zote hazigusi kitu. Mama aliacha kukanyaga cherehani, akafikiri. "Kumbe ni sindano isiyo na uzi," akasema. "Inapita kitambaani, haishoni."

Tangu hapo neno likawa la nyumbani. Mpangaji wa chumba cha uani akipita bila salamu, Mama alininong'oneza, "Nyutrino huyo!" Mteja akiuliza bei akaenda zake, nyutrino. Nawe ulipokuja mwaka juzi, ukalala siku mbili ukaondoka, alikunja kitambaa chake akasema, "Hata huyu wangu ni nyutrino." Sikukuambia. Nakuambia leo kwa sababu hakuishia hapo.

Alipoanza kuugua aliniuliza mnazinasaje. Nikamsomea barua yako: tangi kubwa la maji safi, gizani chini ya ardhi, na macho ya kioo yanayongoja, kwa kuwa mara chache sana moja hugonga maji ikatoa mwanga mdogo. Alisikiliza, akageukia ukutani.

Siku chache baadaye, nikifagia, ufagio uligonga beseni chini ya kitanda chake, lile la bluu la kulowekea vitambaa. Limejaa maji.

"Mama, paa linavuja?"

"Liache hapo."

"Na mbu je?"

"Mbu nitawashonea nguo. Liache."

Nilimbana mpaka akasema. Kama zinapita ardhini kutoka huko uliko, basi zipo zinazompita mwanawe kwanza ndipo zikampita yeye. "Huenda moja ikagusa," alisema.

Nilimweleza kwamba beseni halitoshi, kwamba hata tangi lenu lililo kubwa kama jengo hungoja sana. Akacheka mpaka akakohoa. "Kwani mimi nina haraka gani?"

Basi kila jioni nilibadilisha maji, na taa tukaizima mapema. Hakuona kitu. Lakini asubuhi nikimpelekea chai alikuwa akiniambia, "Mdogo wako kapita." Mpaka asubuhi ile ya mwisho. Hilo ndilo jibu lako.

Baada ya mazishi Shangazi alilivuta uvunguni. "Beseni zima namna hii mmelificha, na vyombo vimejaa uani!" Nililikumbatia hadi maji yakanilowesha, watu wakadhani nimerukwa na akili. Nikalijaza upya, nikalirudisha. Najua halinasi kitu. Lakini kulimwaga siwezi. Siku utakayopata likizo, utalimwaga wewe.

Shangazi anakusalimu, ingawa bado amenuna. Mjomba fundi viatu anakusalimu, na binamu zako. Hata mpangaji wa uani anakusalimu. Alibeba jeneza kwa bega lake, na siku hizi hapiti bila kuuliza tumeamkaje.

Mungu akushushe salama huko chini, na akupandishe salama kila zamu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa niaba yangu na ya Mama.

Saa tatu na robo usiku. Maji nimebadilisha. Nazima taa, nalala.