Mbuzi Niliowaona Nikanyamaza

Marungu, Voi
Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Nisamehe kwanza, kabla hujauliza mengine. Tangu mvua ya kwanza nasema leo naandika, leo naandika, na leo inaisha nikiwa nimelala na lesso mabegani. Najua simu yako iliharibika na hukuwa na njia ya kunisikia, nami nikakaa kimya kama mtu asiye na mama. Kulikuwa na jambo ambalo sikutaka ulisikie kabla sijajaribu kulitengeneza. Kasyoka, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali pabaya.

Hamjambo huko? Goti lako linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Sisi tuko wazima. Mwende ameota meno mawili, ameanza kuniuma nikimnyonyesha. Mumo yuko gredi ya kwanza na sasa ananisahihisha Kiswahili. Baba yao bado yuko shamba la makonge, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni.

Tangi letu la maji halipo tena. Ndovu alikuja alfajiri, akanusa maji, akaliegemea kidogo tu hivi, likapasuka. Mimi nilikuwa dirishani na watoto. Akanywa yaliyomwagika, akapita katikati ya mihogo, akaenda zake. Nilikasirika siku nzima, halafu hasira ikaisha, maana ndovu hana neno na mimi. Hanijui.

Watu ndio walinishinda. Bila tangi ikabidi niende bomba la kijiji. Maji hufunguliwa asubuhi kwa muda mfupi, na hapa mitungi ya plastiki ndiyo inayopanga foleni, si watu. Unaweka mtungi wako, unaenda shambani ama unarudi kwa mtoto, na walio pale wanaisukuma yote mbele kwa mguu, wa aliyepo na wa asiyekuwepo. Wangu haukusukumwa. Nauacha wa kumi, narudi naukuta nyuma peke yake. Mara nne, mara tano. Siku Mwende alipokuwa na homa nilirudi nyumbani na mtungi mtupu, maji yamefungwa. Nikasema basi, hawa hawanitaki, mimi Mkamba wa kuja. Sikuuliza mtu. Nikaacha hata kusalimia.

Sasa hapa ndipo usiruke, Kasyoka.

Ng'ambo ya njia, mbele ya mlango wangu, kuna shamba la Mama Wakio. Ni mjane, anaishi peke yake tangu binti yake aolewe. Alikuwa amepanda ndengu, watu wa hapa huziita pojo, zimefika kwenye kifundo cha mguu na ameshazipalilia. Asubuhi moja alikuwa ameenda mazishini huko milimani. Mimi naanika nguo za mtoto, nikaona mbuzi saba wamepata pengo kwenye ua wa miiba, wanaingia mmoja mmoja. Kelele moja tu ingetosha. Jiwe moja. Mama, nilisimama na nepi mkononi nikajiambia, mtungi wangu nani aliusukuma? Nikaingia ndani nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jioni alirudi. Sikusikia kilio. Alikaa ukingoni mwa shamba na viatu vya mazishi bado miguuni, akivunjavunja udongo kwa vidole.

Kesho yake bombani akaniuliza mbele ya wanawake wote, "Mama Mumo, hata wewe hukuona kitu? Shamba liko puani mwako."

"Sikuona."

"Haya."

Baada ya siku mbili akaja kwangu na kopo la rangi nyekundu na kijiti kilichofungwa kitambaa.

"Lete mtungi wako."

"Wa nini?"

"Lete, mwanamke. Nimechoka kuuona ukibaki nyuma kama mkia."

Nikamwuliza, kama alikuwa anauona, mbona hakuusukuma? Akanishangaa.

"Nitausukumaje na hauna alama? Yote ni ya njano. Watu walishapigana hapa mpaka kwa chifu kwa sababu ya mtungi mmoja. Tangu siku hiyo usio na alama hakuna anayeugusa. Kila nyumba ina alama yake, hata watoto wanajua. Tukasema huyu Mkamba wa Mwingi ana maringo, hata kuuliza hawezi."

Alikuwa ameshachuchumaa, anachora duara taratibu, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo. Nikashindwa.

"Mbuzi niliwaona," nikasema. "Walikuwa saba. Niliwaona wakiingia."

Hakuinua kichwa. Alimaliza duara lake.

"Ukasimama tu?"

"Nikaingia ndani."

"Bora ungenitukana," akasema. "Anayenitukana ameniona mtu."

Akafunika kopo, akaenda.

Mama, neno hilo sijalipatia mahali pa kuliweka. Ndovu alipita bila kunijua. Mimi nilimjua Mama Wakio, nilijua hata siku alizoinama akipalilia, na bado nikapita.

Siku tatu hakuitikia salamu yangu. Lakini bombani nilirudi nikaukuta mtungi wangu umefika wa tatu, na aliyekuwa akisukuma ni yeye. Hakunitazama.

Siku ya nne mvua ikanyesha tena. Asubuhi nikamfunga Mwende mgongoni, nikachukua jembe, nikaingia shambani kwake bila kubisha hodi. Nilikuwa mstari wa pili alipotoka.

"We Mkamba! Unalima ama unazika paka? Mistari gani hiyo, imepinda kama mkojo wa ng'ombe?"

"Nalima."

"Nani amekuita?"

"Hakuna."

Akaitazama tena mistari yangu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kamba na vijiti viwili. "Sijakusamehe," akasema. "Shika huko mwisho. Vuta! Kwenu hamjui kunyoosha mstari?"

Tulilima siku mbili, tukipokezana Mwende mgongoni. Wanawake wawili wa bombani wakaja na majembe yao, tukaziba ua kwa miiba mipya. Saa nyingine ananitania, saa nyingine ananyamaza sana, nami namwacha anyamaze. Shamba liko tayari, udongo una maji, lakini mbegu hana. Zote alishazipanda zikaliwa, na za dukani anasema zilishawahi kumlalia ardhini bila kuota. Nikamwambia mama yangu huchagua ndengu moja moja, huzihifadhi kibuyuni na majivu, mdudu hazigusi. Akasema, "Tutaona kama ni ndengu ama ni maneno ya Wakamba." Nimempa neno, Mama.

Ulimtuma Mutua wa lori, aliyesikia malalamiko yangu ya bomba, aniambie kama watu wa hapa wananitesa nirudi nyumbani. Asante, lakini sirudi. Nilichokosa ni kufungua mdomo, na mdomo ningerudi nao huko huko kwenu. Hapa nimeanza kujulikana, na Mumo ana marafiki. Usinililie, niombee mvua isikatike mapema.

Msalimie susu, mama yake Baba, umwambie Mwende amechukua masikio yake. Msalimie kaka yangu Musyoka na mkewe, na kichanga chao ambacho sijakibeba. Na mjomba fundi baiskeli, mwambie bado nakumbuka deni la kuniangusha.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Ndunge, Mama Mumo

Barua hii anakuletea Mutua, yule jirani yetu anayeleta maembe Voi kwa lori. Anapakia tena Alhamisi, kwa hiyo vitu ninavyoomba vimfikie Jumatano. Mkanda wa ngozi wa kubebea mtungi, maana wangu umekatika na lesso inanikata paji la uso. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, wa mlo mmoja tu, Mumo aujue. Sweta ya Mwende kama Kasyoka ameimaliza, na kama hajaimaliza asiikimbize. Na mbegu za ndengu, zile za kibuyuni, kilo nne za Mama Wakio na kilo moja yangu. Zisipotosha, punguza zangu.