Baba, Chuma Nimekipata

Baba yangu,

Sitakuuliza hali, maana huko uliko hakuna baridi ya Uwemba wala homa. Mimi sijambo kidogo tu. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako, mikono bado ina udongo wa jana. Nikisema nioge kwanza nitapoa, na sitaki kupoa. Nimekipata chuma cha kona ya nne. Nimekipata, na tangu jana sijielewi.

Unakumbuka siku uliyonizungusha mpakani? Nilikuwa na miaka minane. Wapima wa ardhi walikuja wakaondoka nikiwa shule, wakatuachia bikoni nne, moja kila kona ya shamba: chuma kilichosimikwa kwenye zege, kina namba kichwani. Mvua zikanyesha, majani yakafunika kila kitu. Ndipo ukanishika mkono. "Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye utakumbuka." Kila kona ulisimama, ukakanyaga mahali, ukanifinya sikio. "Hapa." Kona ya nne, upande wa Baba Lusungu, ulinifinya mpaka machozi yakanitoka. Halafu ukachuchumaa, ukanibeba mgongoni hadi nyumbani, ukungu umetanda, koti lako linanuka moshi, nami nimelaza shavu nyuma ya shingo yako. Hukuwa mtu wa kubeba watoto. Watu wakiniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, huwa nawasimulia siku hiyo.

Pale kona ya nne palikuwa majani tu, ng'ombe wa kila mtu wanakula. Wewe ulipofariki, Nuhu, mdogo wangu, akaingia kwenye kilimo cha parachichi kama kila mtu huku, akapanda mpaka kwenye kona, akavuta seng'enge. Baba Lusungu akaenda kushtaki barazani kwamba tumemlia ardhi yake. Nuhu alikuwa mchanga wakati wa wapima, hajui kitu. Shahidi nikawa mimi. Nilipanda basi kutoka Makambako, nikaacha masweta ya watu kwenye mashine ya kufumia, nikasimama mbele ya baraza nikaapa. Nilisema baba yangu alinionyesha kwa mguu wake mwenyewe. Nilisema kwa sauti, Baba, kwa majivuno. Wazee wakatupa sisi haki. Baba Lusungu hakubisha, alivaa kofia yake akatoka.

Mwaka huu, kabla ya kuvuna viazi, akafariki. Mama Lusungu akaja hapa na shemeji zake wawili. "Kamwene," wakasalimu, tukaitikia, wakakaa. Waliomba wamlaze karibu na mama yake. Kaburi la mama yake unalijua, liko upande wao, limegusana na seng'enge. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndani ya uzio wetu, hatua chache tu. Nuhu akanitazama mimi. Nikasema hapana. Nikasema mpaka ukianza kulegezwa kwa machozi hautakuwa mpaka tena. Nilimwambia hivyo mjane ambaye maiti ya mumewe ilikuwa bado ndani! Wakamzika kule chini kwenye miti ya miwati, peke yake.

Msibani watu walinong'ona, na mimi si mtu wa kunong'onwa, unanijua. Nikasema nitaziba midomo yao. Nikakumbuka mashine ya mkweo, marehemu mume wangu, ile ya kutafutia vyuma, aliyoinunua kutafuta mali waliyoacha Wajerumani akaambulia misumari na vizibo vya bia. Ulivyokuwa ukimcheka! "Mkwe wangu amekuja kufagia hewa." Nilimlilia sana mwaka alipofariki, lakini ukisema hivyo nilicheka na mimi. Basi nikaitoa kabatini, nikatia betri, nikaja nayo kukutetea.

Ilinitia aibu. Ile sahani yake ya chini, inayopitishwa juu ya udongo, ni pana, na kwenye kona ya nne kuna seng'enge, kuna vipande vya bati, kuna waya wa zamani. Ililia kutoka mwanzo wa uzio hadi mwisho. Mama Lusungu alikuwa ng'ambo anapalilia. Hakuinua hata uso.

Nikarudi Makambako kutafuta sahani ya pili. Kuna duka si mbali na stesheni linalouzia wachimbaji wadogo, mwenye duka anaziita koili. Alizitundika ukutani za kila aina. Macho yangu yakaenda kwenye kubwa kuliko zote, pana kama ungo. Nilijiambia miaka mingi imepita, chuma kimezama, nataka kitu cha kufika chini.

"Unatafuta nini, mama? Dhahabu?"

"Jembe la marehemu."

"Lipo wapi?"

"Karibu na seng'enge."

Akatikisa kichwa. Akaishusha ndogo, sawa na kisosi, akatazama kwanza plagi ya mashine yangu na kuhesabu pini zake, maana koili isiyo ya jamii yake haisemi kitu. Akanitoa nje, akaweka msumari na kufuli chini karibu na geti la chuma la duka lake. Ile kubwa ilipiga kelele moja ndefu, geti, msumari, kufuli, vyote pamoja. Ndogo ilinyamaza, ikalia kwenye msumari, ikanyamaza, ikalia kwenye kufuli.

"Hii haifiki chini sana," akasema, "ila itakutenganishia. Ile kubwa ukiipeleka kwenye seng'enge italia popote unapotaka ilie, nawe utarudi nyumbani umeridhika."

"Lakini chuma kilicho kwenye zege, si kinazama?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Jembe gani hilo lenye zege, mama?"

Niliona haya, Baba, nikajitia kutafuta kitu kwenye pochi. Nilikaa kwenye benchi lake muda mrefu, kubwa huku, ndogo huku, mpaka akaacha kunihudumia akaendelea na wateja wengine. Nilichukua ndogo kwa sababu ya ukaidi tu, nikitaka hata seng'enge isiwe sababu ya mtu kusema nimebahatisha. Ningechukua ile kubwa, leo ningekuwa bado nakuamini.

Jana asubuhi nimepita nayo polepole. Seng'enge kimya. Bati, ikalia na kuacha. Nikafika pale pale ulipokanyaga, ikalia kali, mahali padogo kama kiganja. Nilipiga vigelegele! Nikamwita Nuhu aje na jembe, nikaita kwa sauti ili wasikie hata wa ng'ambo. Tukachimba, hata goti halijafika. Kikatoka kipande cha nondo. Nondo tupu, Baba. Haina zege, haina namba, imekatwa kwa msumeno juu na chini, ile ile ya mabaki ya ulipojenga nyumba hii, nyingine zimeegemea mpaka leo nyuma ya jiko.

Nuhu akasema, "Si ndiyo hiyo?" Nilitaka sana kusema ndiyo. Nikaichukua mashine nikaendelea kutembea kuingia ndani kwetu, kwenye parachichi, sijui nasukumwa na nini. Hatua ya kwanza, ya tano, ya kumi. Kwenye ya kumi na nne ikalia. Nilichimba mwenyewe, nikakataa msaada. Zege. Chuma katikati. Nikaifuta namba kwa kitenge, nikamtuma Nuhu alete karatasi ya wapima kwenye sanduku lako la bati la nyaraka. Namba ni ile ile. Nilikaa kitako kwenye udongo, nikawa narudia tu, Mungu wangu, Mungu wangu, kama mtu aliyeharibikiwa akili.

Baba! Ulinifinya mtoto wa miaka minane ili nikuhifadhie uongo. Ukanibeba mgongoni kwa sababu ya hiyo kazi, au ulinihurumia? Hilo ndilo linaloniua. Sijui nilikuwa nimelaza shavu kwenye shingo ya nani.

Jioni nilivuka uzio. Mama Lusungu alikuwa anamenya viazi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, sikupewa kiti wala sikustahili. Aliendelea kumenya.

"Tulijua," akasema. "Baba Lusungu alimkuta baba yako pale na sururu, alfajiri. Akamwuliza anafanya nini. Akasema anamchimba fuko anayekula viazi."

"Kwa nini hakusema barazani?"

"Nani angemsadiki, na wewe umeapa? Alirudi nyumbani siku ile akatuambia, msimchukie yule binti. Anasema alichoonyeshwa."

Nililia, Baba, nikapiga magoti pale penye maganda. Nikamwambia seng'enge itaondoka kesho, nikamwuliza kama wanataka kumhamisha. Akasema mtu wake amekwisha lala na hatafukuliwa ili sisi tutulie roho. Ardhi ataichukua. Ila kuna kitu kingine anataka. "Uliapa mbele za watu. Nenda kwa watu wale wale."

Nuhu hataki. Anasema tung'oe uzio kimya kimya, marehemu asitiriwe, jina ni letu sote. Tangu jana usiku hasemi nami. Namwelewa, yeye hakumwambia mjane hapana. Mimi nilimwambia.

Baraza ni Alhamisi. Nitakwenda na ile nondo na karatasi, na nitalitaja jina lako lote, la ubatizo na la ukoo, nikiwa nimesimama pale nilipokutetea. Kisha nitataja la kwangu. Nakupenda, na hasira niliyonayo kwako sijapata kuwa nayo kwa mtu yeyote aliye hai. Vyote viwili nitakuja navyo huko siku yangu ikifika, tuongee.

Baba Lusungu amelala mbali na mama yake. Wewe tulikulaza katikati ya wazazi wako, kama ulivyoomba.

Lala, Baba, kama unaweza.

Ni mimi,
binti yako mkubwa