Ombi la Jumatano

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu zote, na kabla hujauliza, huku tu wazima. Ni goti langu la kulia tu linalonung'unika kila nikikanyaga cherehani, nami nimeshalizoea kama mtu anavyozoea jirani mgomvi. Wewe je, presha imeshuka? Shemeji ameacha kula chumvi kwa siri? Wajukuu nao uwabusu mmoja mmoja, na yule mtundu umbusu mara mbili, maana nasikia amenirithi mimi.

Keti vizuri, barua hii ni ndefu na nimeshaichana mara nne. Najua hupendi habari za kanisa. Miaka thelathini na mmoja hujakanyaga, wala sikulaumu. Lakini nivumilie leo, kwa sababu habari hii ikifika mwisho itakuwa yako pia, na ninaogopa kufika huko.

Katika kwaya yetu kuna binti tunayemwita Kengele kwa ajili ya sauti yake. Ana miaka ishirini na mbili, anapanga vitabu katika maktaba ya shule, mama yake alishafariki, na alikuwa akiishi chumba kimoja na rafiki yake muuguzi. Akiimba, hata wazee wanaosinzia wakati wa mahubiri huamka na kujifanya walikuwa wakiomba.

Majoho ya kwaya nashona mimi. Kila joho huliachia vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, maana waimbaji hunenepa, sijui ni furaha ya Bwana au ni ile chai ya baada ya mazoezi. Kengele akaleta lake, linambana kiunoni. Nikaachilia kidole kimoja. Wiki tano baadaye akarudi, nikaachilia cha pili. Nilipomzungushia tepu alinitazama, nami nikamtazama. Fundi wa nguo hujua mambo kabla ya daktari, Dada. Ningeishia hapo hapo, leo ningekuwa nakuandikia habari za goti tu.

Siku ya Jumatano akina mama tunakutana kuombeana. Zamu yangu ya kutoa ombi ilipofika, nikasema tumkumbuke binti mmoja wa kwaya, simtaji jina, ambaye joho lake limeanza kumkataa. Nilisema kwa sauti ya huruma, macho nimefumba. Sikusema uongo hata neno moja. Ukileta umbeya watu watakukemea, lakini uite ombi, watakujibu amina na kukusogelea waombe vizuri zaidi. Na nikwambie ukweli wote, nilisikia utamu. Mimi ninayesahauliwa kila wanapochagua viongozi, siku ile wote walinigeukia mimi.

Ulimi hauna mfupa. Ijumaa wazee wa kanisa wakamwita Kengele. Hakukana. Alisema ni kweli, mimba ina miezi minne, mwanamume amehama mji na simu yake haipatikani. Akasema amemkosea Mungu na ameshamlilia Mungu, na kwamba alikuwa akijitia nguvu aje aseme mwenyewe, hata Jumapili alikuwa ameshaichagua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa njiani anakuja kwa miguu yake, mimi nikamkokota.

Wakamweka chini ya nidhamu. Asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma mpaka ajifungue na kutubu mbele ya watu. Sisemi dhambi si dhambi, Dada. Mwenyewe hakuipa jina lingine. Ila Jumapili ile niligeuka nikaona benchi zima lina mtu mmoja, na sisi huku mbele tumebanana kama watakatifu. Nikafikiri kwamba tumbo lake linaonekana, lakini ulimi hauvimbi, kwa hiyo mimi nimekaa mstari wa pili.

Basi mwalimu wa kwaya akanituma nikalichukue lile joho, nilipunguze, apewe mwimbaji mwingine. Nilikwenda Jumamosi mchana. Vitanda viwili, kimoja hakina godoro. Joho lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi mpaka kwenye kola, limetundikwa kwenye msumari. Akanikaribisha chai, akasema alikuwa anataka sana kunishukuru. Alisema mimi ndiye niliyejua wa kwanza na nikamtunzia siri, wakati rafiki yake aliyemwamini kama ndugu alimuuza kwa wazee. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Muuguzi alikuwa ameapa na kulia, yeye akakataa kumwamini, na mwenzake akabeba godoro akahamia kwa watu. Kisha akaniomba, kwa kuwa hana mama, niwe mimi wa kumshika mkono siku ya kujifungua.

Unajua nilifanya nini, Dada? Nilikunywa chai. Nikasema asante mwanangu, nikalikunja joho, nikaondoka. Nikajua kwamba nikinyamaza nitampata mtoto wa kunipenda, na yule muuguzi atampoteza rafiki yake maisha yake yote kwa kosa langu.

Siku mbili joho lilikaa juu ya meza yangu na sikuweza kutia sindano. Jumatatu nikaenda kwa mchungaji, nikalia, nikaungama yote, nikasubiri aniombee niende zangu nimetakata. Yeye akaniuliza kama Kengele anajua. Nikasema hapana. Akasema Mungu anasamehe, hilo hana shaka nalo, na ataniombea kwa moyo wote, lakini sala yake haiwezi kumrudishia muuguzi kitanda chake. Halafu akainamisha kichwa, akasema na yeye ana lake. Alikuwa amejua tangu Alhamisi nani alitoa lile ombi, na hakuwahi kufikiria kuniita mbele ya wazee. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wamezoea kuwaita wenye matumbo.

Nikaenda kwa Kengele siku ile ile, kabla sijapata akili ya kuahirisha. Nilisimama mlangoni nikamwambia kwamba aliyemsema ni mimi, na kwamba rafiki yake hana hatia. Alinipita, akatoka uani, akampigia simu muuguzi, nikamsikia anaomba msamaha na kulia kama mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke. Aliporudi alinionyesha kiti. Akasema hawezi kuniambia leo kwamba yameisha, maana hayajaisha, lakini hataki nisimame na goti langu bovu. Hebu fikiria, Dada, binti niliyemwanika ananihurumia goti.

Jumatano iliyofuata niliwaambia akina mama kwamba ombi langu lilikuwa umbeya. Wengine walikasirika kuliko nilivyotarajia, kwa sababu na wao walikuwa wamesema amina. Joho la Kengele sikulipunguza. Nilimwambia mwalimu wa kwaya nitamshonea yule mwingine jipya kwa kitambaa changu, na hili litamngoja mwenyewe. Jumapili nikaenda kukaa benchi la nyuma. Hakuna aliyenituma huko. Muuguzi alikuwa ameshafika, amekaa ubavuni mwa Kengele, wakanisogezea nafasi bila kunitazama sana.

Lakini sijakuambia swali aliloniuliza siku ile nilipokaa kwenye kiti chake. Aliniuliza kama yeye ndiye wa kwanza. Mdomo wangu ulishafunguka kusema ndiyo. Nikashindwa. Nikamwambia wa kwanza ni dada yangu, na hajui mpaka leo. Akasema basi niende nikaanze na yeye, kisha nirudi.

Dada, ni mimi. Siku ile tunaanua nguo ukaninong'oneza kwamba umechelewa siku zako na unaogopa, ulimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimwambia mke wa mwinjilisti ili akuombee, na nilijiona mtu wa Mungu kweli kweli. Jumapili wakalisoma jina lako mbele ya watu wote. Wiki mbili baadaye ikajulikana hakuna mimba yoyote, lakini ulikuwa umeshafunga sanduku. Na ulipokuwa unafunga lile sanduku uliniuliza nani amekusema. Nikakujibu kwamba nadhani ni Shangazi, kwamba alikuwa dirishani akatusikia tukianua nguo.

Sikusukumwa na mtu kusema vile. Niliogopa tu kuona ukinichukia. Wewe ukamchukia yeye, nami nikawaacha hivyo mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka kusema kukawa kugumu zaidi. Wiki yake ya mwisho nilikuwa nikimuuguza mimi. Aliniuliza mara mbili kama utakuja. Nikamwambia una kazi nyingi. Hukuja kumzika, na watu walikusema vibaya, nami nikasimama pale nimevaa nyeusi, nikipokea pole.

Sikuombi uniandikie upesi, wala sikuombi unisamehe kwa sababu Biblia imesema. Umeshatendewa mabaya mengi kwa jina hilo. Ukitaka kunitukana, nitukane, ninastahili. Ninakupenda, nimekupenda siku zote, na nimekuibia Shangazi yako.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Mungu akutunze, na presha yako isipande kwa ajili yangu. Ukiikunja barua hii ukasahau mengine yote, basi kumbuka hili tu, kwamba Shangazi hakusema hata neno moja juu yako. Alikungoja.

Ni mimi,
mdogo wako