Barua ya Wazee Haijasomwa Mara ya Pili

Magogoni, Kisauni
Ijumaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Bwana asifiwe. Kabla sijaendelea, wifi Velma, wewe ndiwe unayemsomea mama, basi nakuomba usome polepole na usiruke hata mstari mmoja, hata ukifika mahali ukaona haya kwa ajili yangu.

Mama, goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea Pasaka bado ipo, au umeshawagawia wanawake wote wa Bamba kama kawaida yako? Mahindi yameshika? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Kibanda changu cha nguo na viatu Kongowea kinaenda hivyo hivyo, leo watu, kesho nzi. Ningepiga simu, lakini haya nikiyasema kwa simu nitalia, nawe utaanza kuniombea kabla sijamaliza. Kwa hiyo nimemkabidhi barua Mzee Ngumbao, anayesafiri kesho kuja huko Bamba.

Nimesikia umeshashona kitenge cha Jumapili ile ya mimi kuwekewa mikono niwe mchungaji, na kwamba wanawake wenzako wa kanisa wamekodi gari. Niliposikia nilifurahi, halafu nikakaa chini kwenye marobota ya nguo nikashindwa kuhudumia wateja. Sijui niseme nini mama. Nimechanganyikiwa mpaka juzi nilimuuzia mtu viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto.

Wewe wamjua Mchungaji Ziro. Amelilea kanisa letu tangu likiwa la makuti, na miaka mitatu iliyopita alisema hataki kufa akiwa bado ameshika usukani. Akatuchagua wawili atufundishe, mimi na Jefwa, yule fundi wa friji wa Shika Adabu anayevuka feri kila siku kuja huku. Kila Alhamisi alasiri tulikaa kibarazani kwake Frere Town. Hakuwa na ubao wala vitabu vingi. Kazi yetu ilikuwa kumsomea, naye anatuuliza. Na kila kitu alikitaka kisomwe mara mbili, iwe Neno, iwe barua ya mgonjwa, iwe hata tangazo la maji kukatwa. Alituambia mara ya kwanza msomaji husikia anachotaka yeye, mara ya pili ndipo humsikia aliyeandika. Jirani yake Mwanasaumu, anayeuza mbaazi na mahamri, alikuwa akinicheka akisema wallahi huyu Kahaso husoma kama anayegombana na mtu.

Sasa kuna jambo la siri hapa. Kanisani wanajua macho ya mchungaji yamepungua, lakini hawajui kwamba hata maandishi makubwa hayaoni tena. Ni presha ya macho. Tunaojua ni mimi na Jefwa tu, maana alituomba tunyamaze mpaka apate wa kumwachia kazi. Yale mafungu anayoonekana kuyasoma madhabahuni ameyashika kichwani tangu Alhamisi.

Mwezi uliopita wazee wa kanisa walimwandikia barua kuhusu sisi wawili. Utaratibu wetu ndio huo, wazee huandika mara moja, hufunga bahasha, na baada ya hapo hakuna anayelizungumza jambo hilo tena, ili lisizae fitina. Uamuzi ni wa mchungaji. Alhamisi hiyo nilimkuta peke yake. Jefwa hakuja, alikuwa hospitalini na mama mmoja wa kanisa aliyekatwa mguu, na alishakaa naye siku tatu akimwosha na kumlisha, maana watoto wake wako Qatar. Mchungaji akanipa bahasha nimsomee.

Nilisoma, kisha Mwanasaumu akaingia na sahani ya mbaazi, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nazi. Mchungaji alisema neno moja tu kuhusu ile barua, kwamba ni fupi. Akacheka, akasema wazee hawa hata kuombea chai huchukua robo saa. Nami nikacheka. Hakuniambia nisome mara ya pili, wala hakuitaka barua. Jumapili iliyofuata alisimama akanitaja mimi. Wanawake wakapiga vigelegele. Jefwa alikuwa wa kwanza kuja kunishika mkono, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayehangaika na mahema na viti vya sherehe yangu.

Mama, barua haikuwa fupi. Ilianza kwa kunisifu, kwamba nina sauti, na Neno linanikaa vizuri. Halafu kulikuwa na fungu zima lililoanza na lakini. Walisema katika misiba na magonjwa ya mwaka huu walimwona Jefwa, mimi hawakuniona. Walisema mimi nawapenda watu wakiwa wamekaa kwenye viti wananisikiliza. Wakaomba Jefwa awekewe mikono, nami niendelee kufundishwa mwaka mmoja zaidi. Nilipofika pale kwenye lakini, nilikuona wewe, mama. Nilikuona ukiwaambia watu kisimani kwamba Kahaso wako anakuwa mchungaji, wewe ambaye hawakukupeleka shule hata siku moja. Nikaruka. Nikaenda moja kwa moja penye salamu za mwisho, na sauti yangu wala haikutetemeka. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Nimejaribu kujitetea. Nimejiambia sikusema uongo, kila neno nililolisoma liliandikwa. Nimejiambia huenda Mungu alinitaka mimi na wazee ndio hawakuona. Lakini kama wito ni wangu, mbona niliuiba? Na mbona nikihubiri siku hizi watu wanalia na kutubu kuliko zamani? Sielewi, mama. Wazee wakinitazama nadhani wananichukia, kumbe wao wanaamini mchungaji amesoma maneno yao akayakataa, nao wanatii.

Na mchungaji mwenyewe ndiye simwelewi kabisa. Jana nilipoaga aliniita nikiwa nimeshafika getini. Akasema Jumanne nije na ile barua ya wazee, tena nije na Jefwa, maana hatujaisoma mara ya pili. Alisema kwa upole tu, huku anapapasa kiti akitafuta fimbo yake. Ee mama! Alijua tangu siku ile? Kama alijua, kwa nini alinitaja mbele ya watu wote? Na kama hakujua, kwa nini anaikumbuka leo? Sikulala. Barua ninayo, nimeificha ndani ya jalada la Biblia yangu, na Biblia yenyewe siifungui, naazima ya jirani.

Jumanne nitaisoma yote. Nimeamua hilo, mengine sijayajua. Sijui kama nitabaki kanisa hili, sijui kama Jefwa atanitazama tena usoni. Kitenge usikirudishe kwa fundi, na wale wanawake waache waje na gari lao. Lakini waambie mapema, wewe mwenyewe kwa kinywa chako, kwamba watakayemwimbia huenda si mwanao. Najua nakutwika aibu. Nisamehe, mama.

Wasalimie kaka, watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde, na ukiomba usiku, uniombee nisome kwa sauti.

Nawe wifi Velma, kama kuna mahali umemwonea mama huruma ukaruka, hata mstari mmoja tu, rudi nyuma umsomee tena tangu mwanzo.

Ni mimi mwanao,
Kahaso